Siku Niliyomnawisha Mama Mbele ya Shule

Jamani, mimi ndiye yule. Kama umewahi kupita Ilongero ukasikia habari za msomi mmoja aliyemwita mama yake mzazi mbele ya wazazi, walimu na wanafunzi, akamnawisha mkono kwenye beseni kama mtoto mchafu ili kuonyesha kwamba yeye ana akili kuliko watu wote waliokuwepo pale, basi usiulize zaidi, ni mimi Selina, na yote uliyosikia ni kweli, isipokuwa ile ya kwamba nilimvuta kwa nguvu, hapo wameongeza chumvi. Sikumvuta. Alikuja mwenyewe kwa sababu nilimwita, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Niwaambie kwanza kazi yangu, maana bila hiyo hamtaelewa nilivyofikia ujinga wa kiwango kile (ujinga wa kawaida nilikuwa nao tangu zamani, huu ulihitaji shule). Nasoma shahada ya pili, na chuoni kwetu nipo kwenye kikundi kinachochambua picha za galaksi. Galaksi ni mkusanyiko wa nyota nyingi mno, jua letu hili ni nyota moja tu ndani ya galaksi yetu, na huko nje ziko nyingine ambazo hakuna anayeweza kuzimaliza kuzihesabu. Sasa kuna darubini kubwa, ziko milimani nchi za mbali, kazi yake ni kupiga picha anga kipande baada ya kipande, bila kuchagua kizuri wala kibaya, chochote kilichoingia kwenye picha kinaandikwa. Ni sensa, kama ile ya watu wanaopita nyumba kwa nyumba. Picha zinatufikia kwa mtandao, na mimi nakaa kwenye kiti cha plastiki, feni inanipiga shingoni, naangalia moja baada ya nyingine nasema hii changa, hii imekomaa, hii imegongana na mwenzake, hii imezeeka.

Unazijuaje? Rangi. Ile ambayo bado inazaa nyota mpya inang'aa bluu, na ile iliyoacha kuzaa inabaki nyekundu. Ungesema kazi rahisi, lakini siyo, kwa sababu ya vumbi. Ndani ya galaksi kuna vumbi, na likiwa jingi linaziba mwanga wa nyota mpaka galaksi changa kabisa inaonekana nyekundu, kama jua la jioni kwetu mwezi wa saba upepo ukishabeba udongo wa mashamba yote. Mtu anaitazama anasema hii imezeeka, kumbe binti amepakwa vumbi tu. Kazi yangu mimi hasa ilikuwa hiyo, kuzipitia zile zilizoitwa kongwe nikatafute zilizosingiziwa. Na nilikuwa nazipata! Nilizipata mpaka wenzangu wakaniita Mama Vumbi, na msimamizi wangu akanisifu mbele ya wageni, na mimi bwana nikisifiwa sikaliki tena, tangu siku hiyo nikionyeshwa chochote chekundu nasema vumbi kabla sijavuta kiti.

Basi, wakati huo nilikuwa sijafika nyumbani karibu mwaka na nusu. Sababu zilikuwepo, sababu hazikosekani, mara mtihani, mara ripoti, mara mtandao wa chuo unapatikana vizuri wakati wa likizo tu. Simu nilikuwa napiga kila Jumapili baada ya ibada, mama anapokea, "Hatujambo mwanangu, wewe soma tu," na mimi nasoma tu. Ndipo mkuu wa shule niliyosoma pale Ilongero akanipigia, akasema siku ya wazazi wanataka mtoto wa hapa hapa aje aongee, watu waone kuwa sayansi siyo ya wageni. Nikakubali hata hajamaliza.

Sababu yangu ya kweli nawaambia ninyi leo. Nilitaka mama aone. Pale kijijini walikuwa wanamsumbua, "Mwanao anasomea nini hasa? Nyota? Kwani nyota zinaliwa?" na yeye hana la kujibu, kwa sababu kila aliponiuliza nilimwambia, "Mama, hayo mambo ni magumu." Mwanamke amelima mtama na alizeti juani ili mimi niende shule, halafu hajui nimekwenda kufanya nini! Nikasema siku hiyo atajua, na wao watajua, na atatoka pale kichwa juu. Nilikuwa natafuta heshima ya mama yangu, jamani, wala si kitu kingine. Nawaomba mlikumbuke hilo tutakapofika mbele.

Nilifika Jumatano, saa saba mchana, jua la kuchoma. Mama akanipokea mlangoni amevaa sweta na khanga mbili.

"Shikamoo mama. Mbona sweta?"

"Marahaba, karibu mwanangu. Huu upepo wa mwaka huu, we acha tu."

Upepo kweli ulikuwepo, nikaridhika. Akanipakulia ugali wa mtama na mlenda, sahani imejaa mpaka inamwagika, yeye akamega matonge mawili akanawa, eti ameonja sana jikoni. Nikaridhika. Nikaona maji anatekewa na Mama Hadija, jirani yetu na rafiki yake tangu hawajaolewa, nikauliza, akasema wanasaidiana. Nikaridhika tena. Nilikuwa mtu wa kuridhika sana wiki ile, sijui ule moyo wa utafiti niliuacha wapi.

Mawazo yangu yote yalikuwa kwenye somo. Kitu kinachowasumbua watu ni hiki, galaksi inaishi muda mrefu mno, hakuna anayeweza kukaa kuitazama ikikua, sasa ninyi mnajuaje ilivyokua? Jibu ni ile sensa. Ukiingia mnadani Ilongero siku moja tu, asubuhi mpaka jioni, utaona kichanga mgongoni, utaona binti, utaona mama mtu mzima, utaona bibi, na ukiwapanga kwa mstari umeshajua binadamu anavyokua bila kumsubiri hata mmoja azeeke. Nikapanga kuwafanyisha hivyo kwa picha. Siyo za sura, maana kwetu kila mtu anajua fulani alizaliwa mwaka gani wa njaa, nikaamua mikono. Kiganja kwa nyuma, bila jina, na pete na shanga zote nizifunike kwa kalamu nyeusi mtu asijulikane kwa pambo lake. Watu waje wapange, kuanzia mchanga mpaka mzee. Niliona nimebuni kitu, nikajicheka mwenyewe chumbani kwa furaha.

Nilizunguka na simu siku nzima ya Alhamisi nikapata mikono kumi na mmoja. Nilikuwa nakosa wa mtu wa miaka hamsini na kidogo, na mama alikuwa na hamsini na mbili. Nikamwomba.

"Hapana," akasema.

"Mkono tu mama, hata sura haionekani."

"Nimesema hapana, Selina. Kapige wa Mama Hadija."

Mama hakuwa mtu wa kuninyima vitu vidogo, mwenye akili angejiuliza kuna nini. Mimi nikanuna, na umri wangu huu, nikanuna kama wa darasa la tatu. Ijumaa saa tisa mchana nikamkuta amesinzia kwenye kiti uani. Mama yangu, ambaye tangu nizaliwe sijamwona amelala mchana! Mkono wa kushoto umelala mapajani, umepauka, na pete yake ya ndoa ameizungushia uzi mweusi kwa chini, nikasema moyoni, mama naye siku hizi na mapambo. Pembeni kulikuwa na ungo wa mtama uliopepetwa nusu. Nikanyata, nikainama, nikapiga picha moja. Haikuchukua hata muda wa kupiga chafya, na mambo yote yaliyofuata yalitoka hapo.

Jioni ile ile nikachukua bodaboda mpaka mjini, nikachapisha picha kwenye steshenari, nakala tatu tatu, nikaziandika namba. Mkono wa mama ulikuwa namba saba.

Jumamosi shule ilipendeza, turubai zimefungwa, wanafunzi wamevaa sare safi, upepo unapeperusha kila kitu. Baba na mama walikuwa wamekaa nyuma kabisa, nikaenda mwenyewe nikawahamisha, nikawaketisha safu ya kwanza (ndiyo, na hilo pia nililifanya mimi, kwa mkono wangu). Nikapewa maiki. Na niwaambie ukweli, niliongea vizuri. Niliwaeleza galaksi, nikawaeleza sensa, nikawaeleza bluu na nyekundu, watu wakawa wanaitikia "eeh" kama kanisani, nikamwona mama anatabasamu na kumgusa mwanamke wa pembeni yake. Nikavimba kichwa.

Tulikuwa tumefunga kamba tatu za kuanikia nguo, kila kundi na vibanio vyake, walimu kamba yao, wanafunzi yao, wazazi yao, na kila kundi limepewa picha zile zile kumi na mbili. Nikawakataza kuchungulia kwa wenzao. Wakapanga huku wanabishana na kucheka, karatasi zinapigwa na upepo. Walipomaliza nikapita kukagua, kichanga mwanzoni, safi, mtoto wa chekechea, safi, mpaka nikafika mwishoni mwa kamba ya kwanza. Namba saba. Baada ya mkono wa bibi mmoja wa zaidi ya miaka themanini, ndipo wameweka mkono wa mama yangu. Nikaenda kamba ya pili, namba saba mwishoni. Ya tatu, namba saba.

Sikilizeni, kazini kwetu kuna utaratibu. Picha moja inaangaliwa na watu wengi, kila mtu peke yake, na wakikubaliana, huruhusiwi kufuta jibu lao kwa sababu tu wewe umesoma. Unatakiwa ujitilie shaka wewe kwanza, ukae chini, uitazame upya. Utaratibu huo nimewafundisha wengine kwa mdomo wangu huu. Makundi matatu hayakuambiana, majibu yamelingana, na mimi Mama Vumbi nikashika maiki nikacheka.

"Ndugu wazazi, hapa mmenasa wote! Namba saba siyo mzee! Huyu namjua, bado ana nguvu zake. Si niliwaambia habari ya vumbi? Hili sasa ndilo vumbi lenyewe, mtu katoka kupepeta mtama ninyi mkamzeesha!"

Watu wakaangua kicheko. Mama Hadija, ambaye alikuwa kwenye kundi la wazazi na bado amesimama karibu na kamba, hakucheka.

"Selina," akasema taratibu, "vumbi haliwezi kumaliza nyama ya mkono. Mwenye mkono huu anaumwa. Uache, mwanangu, endelea na mengine."

Alikuwa ananipa mlango wa kutokea, mama wa watu, mlango mpana kabisa. Nikaufunga. "Mama Hadija, kwa heshima zote, macho yamekudanganya kama yanavyowadanganya hata maprofesa!" Kicheko kingine. Wanafunzi nao kule nyuma wakaanza, "Athibitishe! Athibitishe!" wanapiga makofi kwa pamoja, na mkuu wa shule anacheka, na mimi nikiwa katikati ya makofi huwa sina breki.

"Mwenye mkono yupo hapa hapa," nikasema. "Mama, njoo."

Mama akatikisa kichwa kidogo sana, kama mtu anayefukuza inzi. Baba akainuka nusu kwenye kiti, "Selina, inatosha." Nikadhani baba anaona haya, mzee wa kijijini hajazoea mikutano. "Njoo mama, usione aibu, mpigieni makofi mama yangu!" Wakapiga, shule nzima, wakapiga mpaka ikawa hakuna namna ya kubaki umekaa. Akashika mgongo wa kiti akasimama. Alikuja polepole, hatua, anapumzika, hatua, na mimi, Mungu anisamehe, nikasema kwenye maiki, "Tazameni anavyotembea kwa maringo, utasema bibi harusi." Watu wakapiga vigelegele.

Nikaagiza beseni na jagi la maji jikoni, na kipande cha sabuni. Nilitaka vumbi litoke wote wakiona. Nikabana maiki kwapani, nikashika mkono wa mama, nikakunja sweta.

Hapo ndipo nilipoona. Mfupa na ngozi, jamani, mfupa na ngozi, na ngozi yenyewe ina umanjano. Mkono niliokuwa naujua mimi ulikuwa unanyanyua debe la maji mpaka kichwani bila kusaidiwa na mtu. Niliona, nikaelewa kwamba nimeona, na bado mikono yangu iliendelea kumimina maji kwa sababu ilikuwa imeshaanza na watu wanatazama. Nikapaka sabuni. Nikasugua. Hakuna kilichotoka, maji yalibaki meupe kwenye beseni. Na nikasema, hili ndilo ambalo sijawahi kumwambia padri, nikasema, "Vumbi lenyewe limekaa sana hili," nikasubiri wacheke, hakuna aliyecheka.

Nilipomwagia maji ya mwisho ule uzi mweusi ukalegea, na pete ikateleza kwenye kidole kama haijawahi kuwa yake, ikaangukia kwenye beseni. Ilitoa mlio mdogo tu, lakini maiki ilikuwa kwapani kwangu, ikaudaka, ukatoka kwenye spika zote mbili mpaka nje ya uzio.

Turubai tu ndiyo inapigapiga. Mama akaniangalia machoni, na sikuona hasira pale, ningeona hasira ningepona, nilichoona ni kwamba ananionea huruma, yeye mimi. Akainama akaitoa pete majini mwenyewe, akaifunga kwenye pindo la khanga, halafu akaisogelea ile maiki yangu, akawageukia watu.

"Haya wazazi," akasema, "mwanangu ameshaninawisha. Sasa chakula kiko wapi?"

Watu wakacheka, kicheko cha kushukuru, wengine huku wanajifuta macho. Mama Hadija alikuwa amejifunika uso kwa mtandio, mabega yanatikisika. Mkuu wa shule akaingiza kikundi cha ngoma haraka haraka, hata zamu yao haijafika. Mimi nilikwenda nyuma ya jiko la shule, nikabaki huko mpaka ngoma ikaisha.

Nyumbani nilifika nikiwa nimeshageuza aibu kuwa hasira, ndiyo tabia yangu, wanaonijua wanajua. Mama ameingia ndani kulala. Nikamkuta baba uani, nikaanza kumfokea, mimi, baba yangu mzazi, ambaye sijawahi hata kumjibu nikiwa nimesimama. "Tangu lini? Kwa nini hamkuniambia? Mimi ni nani katika nyumba hii?"

Baba alisubiri nimalize. "Tangu baada ya mwaka mpya," akasema. "Alitukataza. Alisema ukijua utaacha masomo uje ukae hapa umtazame akiumwa. Alisema tusubiri mpaka umalize."

"Na Mama Hadija alijua?"

"Mama Hadija ndiye anayemwogesha, Selina."

Nilikaa chini pale pale kwenye vumbi la uani (vumbi la kweli sasa), nikalia kwa sauti mpaka mama akaita kutoka ndani, "Selina, usimfokee baba yako. Mimi ndiye niliyekataza. Na uje unywe uji, hujala tangu asubuhi."

Jumatatu tulimpeleka hospitali mjini, mjini wakatuandikia twende mbele zaidi, na huko mbele wakasema ni ini, na kwamba tungekuja mapema wangejaribu. Daktari alilisema neno "mapema" bila kumlaumu mtu, lakini mimi nililichukua, ninalo. Nikaomba ruhusa chuoni, nikakaa na mama wodini. Sikuwa nafungua kompyuta. Yeye ndiye aliyeniambia siku moja mchana, akiwa ameegemea mto, "Sasa nieleze ile kazi yako. Siku ile sikusikia mwisho, uliniita katikati."

Alisema huku anacheka. Mimi sikuweza kucheka.

Nikafungua, nikamwonyesha galaksi moja, kitone cha bluu kisichozidi punje ya ulezi. Nikamwambia, "Mama, hii iko mbali sana. Mwanga wake umesafiri muda mrefu mno mpaka kufika kwetu. Kwa hiyo tunavyoiona hapa sivyo ilivyo leo. Ndivyo ilivyokuwa zamani, mwanga ulipoondoka, ikiwa bado changa."

"Na leo ikoje?"

"Hatujui. Labda imezeeka. Labda imeacha kuzaa nyota."

"Labda haipo."

"Labda haipo, mama."

Akaitazama kwa muda, amesogeza uso karibu na kioo kwa sababu macho nayo yalikuwa yameanza kuchoka. Halafu akasema, wala hakunilaumu, alisema kama mtu aliyepata jibu la hesabu, "Kumbe ndivyo ulivyokuwa unaniona mimi, kwa zile simu zako za Jumapili. Ulikuwa unamwona mama yako wa zamani."

Nilifunga kompyuta. Nilimwambia, "Nisamehe mama," nikaweka kichwa kitandani karibu na miguu yake nikalia mpaka muuguzi akaja kuuliza kuna nini. Mama akamwambia, "Hakuna kitu, mwanangu alikuwa ananifundisha." Kisha akaniwekea mkono kichwani, ule ule, haukuwa na uzito wowote. "Usilie," akasema. "Umenieleza vizuri. Nimeelewa. Wakiniuliza tena nitawajibu."

Hawakuwahi kumuuliza tena. Alifariki wiki ile mvua za kwanza zilipoanza, watu wote wakiwa mashambani wanapanda, wakaacha majembe wakaja kuzika. Walikuja wengi kuliko siku ya wazazi. Hakuna hata mmoja aliyenitajia beseni siku ile, walinishika mkono wakanipa pole mmoja mmoja, na heshima niliyokuwa namtafutia mama kwa maiki nikaiona kumbe alikuwa nayo siku zote, ilikuwa imejaa uani kwetu mpaka barabarani.

Nimerudi chuoni. Lile jina niliwaomba waliache, wakaliacha. Kazi ni ile ile, picha zinakuja, na nikitaka kusema kitu ni vumbi sasa nanyamaza kwanza, nawauliza wenzangu wameona nini, wengine wanasema nimekuwa mzito. Sawa, niwe mzito. Na niliapa mbele ya Mama Hadija, kwa sababu yeye ndiye niliyemfanya achekwe na watu, kwamba sitamwita tena mtu mbele ya wengine ili nionekane najua, na kwamba simu haitakuwa macho yangu tena.

Kwa hiyo kila baada ya miezi miwili naenda Ilongero. Nikifika namwamkia baba, nakaa mkabala naye, na siongei mambo ya chuo. Namtazama. Natazama anavyomega tonge, anavyoinuka kitini, tundu la mkanda analofungia suruali. Mara ya mwisho alivumilia weee, mwishowe akasukuma sahani.

"Selina, mbona unanikodolea hivyo? Nimekuibia nini?"

"Nakutazama tu, baba."

Alikuwa amekaa kule pembeni penye giza, karibu na kabati. Akainuka, akabeba kiti chake, akakiweka mlangoni penye mwanga, akakaa, akakunja mikono ya shati mpaka kwenye viwiko.

"Haya," akasema. "Tazama."